Debe Lililonyamaza

Zuleha, usinipigie, sauti haitoki. Soma tu.

Tembo wameingia kwenye mihogo yangu alfajiri hii. Niko juu ya dungu la kulindia shamba, peke yangu, nikashika debe nikalipiga kama kichaa!

Mtoto wao mmoja akashtuka, akalia. Alilia kama mtoto wa mtu, shoga.

Wote wakaacha kula. Wote! Nikajua wananijia mimi, dungu linaangushwa. Kumbe wanamkimbilia mtoto. Wakamzunguka, huyu anampapasa kichwa kwa mkonga, yule anamtia mkonga mdomoni, wananguruma polepole mpaka akanyamaza.

Mtoto alishtuka tu, Zule. Wakamwendea wote.

Nikashindwa kupiga tena. Nimekaa na debe mapajani, nalia, wanamaliza mihogo naangalia.

Kumekucha, majirani wamejaa. Baba Imrani anafoka: "Mwanne, ulipoacha kupiga tulijua wameondoka, tukalala! Wamepita kwako wakaingia kwenye mahindi yangu. Debe unalo, kwa nini uliacha?"

Nimjibu nini? Kwamba niliwaonea wivu tembo?

Nimesema mkono ulichoka.

Tangu arobaini ya mama hakuna aliyekanyaga kwangu. Leo wamekuja wote, wamesimama mbele yangu, macho yangu yamevimba hivi. Wameuliza mihogo. Wameuliza mahindi. Wameuliza debe.

Sasa wameondoka.