Bi Zuwena Keshaaga Mji Mzima

Maskati, Jumatatu, Septemba 1970

Joto la leo si la kusimuliwa. Bahari imetulia tuli, hakuna upepo hata wa kutikisa pazia, na nguo nilizoanika asubuhi bado zina majimaji mpaka hivi sasa, alasiri imeshapita. Nimekaa nikasimama, nimesimama nikakaa. Nimefagia ua uliokwishafagiwa. Moyo haunitulii hata kidogo, na kalamu hii nimeishika ili angalau mikono iwe na kazi.

Mji mzima unajua kuwa tunahamia Bahareni. Sisi wenyewe ndio hatujui.

Yote haya kwa sababu ya mpira wa kriketi. Mume wangu Nassor ndiye mrushaji wa timu ya Haji Mohsin, tajiri wa mji jirani wa Matrah ambaye pia ndiye aliyemwajiri ukarani katika ghala lake. Mchezo wenyewe Nassor kaujulia skuli Unguja. Anakuja mbio, anauzungusha mkono juu ya bega, mpira unapiga mkeka uliotandikwa uwanjani na kupinda usikoutarajia, na vijiti vitatu vilivyosimikwa nyuma ya yule mwenye gongo vinaanguka chini. Mie nikitazama kwa mbali, nimejifunika buibui langu, huona fahari mpaka nikaona haya.

Lakini mpira wenyewe huchezwa wakati wa baridi tu. Likianza joto, changarawe za uwanja zinaunguza mpaka ndani ya viatu, na mkeka unakunjwa unatiwa ghalani kungoja hewa ibadilike. Basi wanaume wa mji huu wakikosa mchezo wa kutazama, wanacheza kwa midomo. Na tokea milango ya mji ilipoachwa kufungwa usiku, watu wamezidi kukaa mabarazani na maneno yamezidi kutembea.

Maneno ya mwaka huu ni ya Nassor. Mechi ya mwisho kabla ya joto walicheza na timu iliyotoka Bahareni, na Nassor akawaangusha mmoja baada ya mmoja, wengine hawakuwahi hata kuchafua gongo. Mchezo ulipokwisha, nahodha wa Bahareni akamshika mkono, akamvuta pembeni, akamnong'oneza sikioni. Watu wote waliona. Hakuna aliyesikia. Na Nassor, alipoulizwa kaambiwa nini, akatabasamu akasema, "Siri."

Lahaula! Mtu na akili zake, umati mzima unamtazama, anasema siri.

Tokea siku hiyo hatukupumua. Mara Bahareni wanamtaka, wameshamtafutia nyumba. Mara si Bahareni, ni Kuweti. Mara Haji Mohsin amekataa kumtoa, mara amekubali lakini kwa kubadilishana, apewe wapiga mpira wawili hodari na mkeka mpya. Hilo la mkeka niliambiwa na jirani yangu Bi Salma, alikuja mbio mpaka kiatu kimoja kimemvuka mlangoni. "Shoga," akasema, "mumeo kabadilishwa kwa mkeka!"

Nami badala ya kucheka nikamuuliza, "Mkeka gani?" Kama kwamba ungekuwa mzuri ningeridhika.

Nnataka kusema kweli hapa, maana hapa hapana anayenisikia. Nilitaka iwe kweli. Wanasema Bahareni kuna umeme nyumba kwa nyumba, unabonyeza ukutani na feni inazunguka. Maji yanatoka mferejini, hayaji kwa punda ndani ya madebe. Mie nimechoka na vumbi na majabali haya yanayotutazama kila upande. Basi wanawake walipoulizana kwenye kahawa, "Rukiya, ati mnatuacha?" sikusema ndiyo, sikusema hapana. Niliinamisha macho nikamimina kahawa. Kunyamaza kwangu kulitangaza kuliko redio.

Sikujua kuwa pembeni pale Bi Zuwena ananitazama.

Bi Zuwena ni mama yake Nassor, tunakaa naye. Si mtu wa maneno mengi. Tokea tuje hapa, mwaka ule wa mapinduzi ya Unguja, hajanunua chombo hata kimoja cha jikoni. Mbuzi ya kukunia nazi tunaazima kwa Bi Salma. Nikimwambia, "Mama, tumwambie seremala atuchongee yetu," hujibu, "Ya nini? Kwani tutakaa?" Miaka inakwenda, na sisi bado tunagonga mlango wa jirani na nazi mkononi, utasema wageni tuliofika jana.

Wiki iliyopita alianza kutoka. Kila alasiri anavaa buibui lake, anajitia udi, anakwenda zake na kurudi karibu na Magharibi, macho mekundu. Nikidhani kuna msiba wa watu nisiowajua. Nikamuuliza, akasema, "Nakwenda kuwatazama watu." Nikaona vizuri, bibi mtu mzima ananyoosha miguu.

Leo asubuhi Bi Salma kaja tena, safari hii pole pole, na bakuli la halwa limefunikwa kitambaa. Analia. Nikashtuka, nikamwambia, "Kuna nini, shoga?"

"Mwenzangu," akasema, "mama yako jana kaja kuniaga. Kanirudishia na mbuzi yangu kaisafisha inametameta. Kaniomba radhi, nami nimemsamehe, nami nimemwomba, kanisamehe. Tumelia mpaka basi. Lakini wewe, Rukiya, ndugu yangu, ungeondoka bila ya kuniaga?"

Nilipokwenda jikoni nikaona kweli, pahala tulipoiweka ile mbuzi ya kuazima patupu. Na kabla ya adhuhuri yameshaingia mabakuli mengine, halwa na tende na kahawa iliyotwangwa, zawadi za safari, kutoka nyumba ambazo mie hata sizijui vizuri. Bi Zuwena kapita nyumba moja moja. Mtaa wetu kaumaliza, kavuka mpaka Matrah. Mpaka kwa mke wa Haji Mohsin kafika!

Asiyekuwa mtu wetu atasema, si maneno tu, kuna ubaya gani? Ubaya upo. Kwetu kuaga si salamu ya mlangoni. Unaingia, unakaa, unasema: kama nilikukosea nisamehe, sijui kama tutaonana. Mwenzio anasamehe hata yale aliyokuwa kayashika moyoni, mnalia, anakupa cha njiani. Ukishafanya hivyo umekwenda, hata kama miguu yako bado ipo hapa. Unguja kulikuwa na bwana mmoja mtaani kwetu, kaaga kila mtu na meli haikuja. Alijifungia ndani mpaka ikaja nyengine, chakula anapelekewa kwa mlango wa nyuma, kwa haya. Tulimcheka sana. Sasa zamu yetu.

Adhuhuri Nassor karudi kutoka kazini kabla ya wakati. Uso umemshuka. Hakutaka chakula, hakutaka maji. Alikaa kwenye ngazi akivua viatu, na kuvua viatu kukamchukua muda mrefu.

Haji Mohsin kamwita ofisini. Hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Kamwambia, "Mwanangu, ungekuja kuniaga mwenyewe. Kwa nini umemtuma mama yako kwa wanawake? Mimi nilikupokea hapa hujui mtu." Kisha akamwonyesha Mbulushi mmoja wa Matrah kakaa kitini anakunywa chai. Huyo ndiye mrushaji mpya. Keshapewa neno. Na ukarani je, Nassor akauliza. Haji Mohsin akasema, "Kwani utaufanya kutoka Bahareni?"

Nikamkabili hapo hapo ngazini. "Nassor, leo utanambia. Yule nahodha alikwambia nini sikioni?"

Akatazama viatu vyake. Kisha akasema kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe, "Aliniuliza wapi anapata halwa nzuri ya kumpelekea mkewe."

Halwa!

Nyumba yangu imejaa halwa mpaka sina pa kuweka, na hii ndiyo asili yake. Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta, kisha kicheko kikanigeukia nikawa nalia. Nikamwambia mbona hukusema siku ile? Akasema kila mtu alikuwa anamtazama kwa macho makubwa, kaona raha. Kaona, kwa siku chache tu, wamdhanie anatakiwa kwengine. Basi ningemlaumu vipi, na mie nilikuwa namimina kahawa macho chini?

Nilimwambia avae viatu vyake arudi kwa Haji Mohsin akamweleze yote, na halwa asiifiche. Kaenda. Nami nikabaki kufagia ua.

Karudi kabla ya alasiri. Haji Mohsin kacheka mpaka kakohoa, kaagizia maji. Kazi ya ghalani ipo, alhamdulillahi. Ya mpira hajui. Neno keshampa yule Mbulushi, hawezi kulimeza. Kasema Ijumaa, iwe joto isiwe joto, mkeka utatolewa, watarusha wote wawili, na atakayeangusha vijiti zaidi ndiye. Nassor ananiambia haya huku anazungusha bega lake, tayari yuko Ijumaa. Nami naona kwa mara ya kwanza ana khofu. Mrushaji anayesemwa mji mzima, itabidi agombee pahala pake mwenyewe.

Kisha akanitazama. "Mama umwambie wewe," akasema. Akapanda darini.

Mashujaa wetu hao.

Nikamwendea Bi Zuwena chumbani. Alikuwa kakaa juu ya mswala, nguo zake kazikunja zimepangwa pembeni. Nilikuwa na hasira, sitaki kusema sikuwa nayo. Nilikwishayapanga maneno njiani: Mama, ungeuliza kwanza, Mama, umetuaibisha, Mama, mwanao kidogo angekosa kazi. Nikakaa. Nikasema, "Mama, hatwendi Bahareni. Hatukuitwa. Ilikuwa maneno ya watu tu."

Hakushtuka. Akasema, "Nlijua huenda yakawa maneno."

"Sasa mbona ulikwenda kuaga?"

Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. Pole pole akanambia jambo ambalo miaka yote hii hajapata kulitamka mbele yangu. Siku tuliyoondoka Unguja, ndani ya nyumba yetu mlikuwa na mbuzi ya jirani yake, Bi Mwanaidi, ambayo Bi Zuwena kaiazima asubuhi ya siku ya mwisho iliyokuwa na amani. Walikaa ukuta kwa ukuta tokea wasichana. Waliozeshwa mwaka mmoja. Na kaondoka bila ya kuirudisha, bila ya kumuaga, bila ya kumwomba radhi kwa lolote, kamfungia mbuzi yake ndani kwa kufuli. Hajui kama Bi Mwanaidi yu hai. Hajui kama aliivunja ile kufuli au alikaa akingoja.

"Yale yalitujia ghafla," akasema. "Mie sikupata hata kugeuka. Basi niliposikia watu wanasema tunaondoka tena, na nikakuona na wewe hukatai, nikasema safari hii, wallahi, hainikuti. Safari hii nnaaga mapema."

Hasira zangu zote zikaniishia pale pale. Nilimshika mkono. Mkono wake mwepesi, una harufu ya udi. Mie niliondoka Unguja nimeshika mkono wa Nassor. Yeye aliondoka ameacha kila mkono aliokuwa anaujua, na nikawa nikimwona mkaidi kwa sababu hataki kununua mbuzi.

Nje mtu wa maji anapita na punda wake, anapiga kelele zake za kila siku. Nikadhani yamekwisha. Kisha Bi Zuwena akaanza kukunjua nguo moja, akaikunja tena, akaniuliza, "Sasa itanibidi nirudi nyumba zote zile?"

"Kwenda kufanya nini, Mama? Kurudisha halwa?"

"Halwa imeshaliwa," akasema, na kweli ncha ya kidole chake inang'ara mafuta. "Kuwaambia nipo."

Nikamtazama. Akarudia, kama anayeonja chumvi, "Niwaambie nipo."

Wali wa leo nimeupika bila ya nazi, kwani cha kukunia sina na kwa Bi Salma sina uso wa kurudi kuazima. Nassor kaula bila ya kulalamika, anajua makosa yake. Darini namsikia bado anazungusha lile bega.

Ijumaa itakuwa vipi, sijui. Akishindwa atakuwa karani tu, na tutakaa. Akishinda vilevile tutakaa. Feni ya Bahareni nayo bado naitamani, nisijidanganye.

Lakini kesho asubuhi tunakwenda kwa seremala kwanza, kisha tunaanza na mlango wa Bi Salma. Bi Zuwena kataka nifuatane naye nyumba zote. Kasema yeye peke yake ataona haya.

Nimekubali. Miaka yote hii mjini hapa, na mie sijapata kumwambia mtu kuwa nipo.