Hita, Nyusi na Ndoo ya Halima

Chebet mjukuu wangu,

Tuko wazima hapa Kapsoya, na goti la nyanya yako limepoa. Unauliza kama hita ya hiyo gari unayolala ndani itakubali regyuleta yoyote ya gesi, kile kifaa cha kupunguza presha kutoka mtungini. Hapana, mama.

Tuliporudi nyumbani baada ya zile vurugu za uchaguzi, majirani hatukuwa tunasalimiana. Baridi ilikuwa kali, nami, fundi mzima, nikafungia hita regyuleta ya jiko la hoteli kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu. Moto uliruka ukala nyusi zangu zote. Halima, jirani yetu mwenye duka, aliuona dirishani akadhani nyumba inachomwa tena. Alikuja mbio na ndoo ya maji, akanikuta nimeshafunga mtungi.

"Fundi, hita inataka presha ndogo, wewe umeipa ya kuchemsha chai ya harusi!"

Tulicheka mpaka akamwaga maji.

Kwa hivyo soma presha iliyoandikwa kwa hita, na ile ya regyuleta. Zisipolingana, usifunge. Zikilingana, funga, fungua gesi bila kuwasha moto, kisha paka maungio maji ya sabuni. Yakitoa mapovu, gesi inavuja.

Nyusi ziliota. Ile ndoo Halima aliisahau kwetu. Nyanya yako akairudisha na maziwa, Halima akairudisha na sukari, na mpaka leo haijawahi kuvuka ua ikiwa tupu.

Babu yako