Jembe Bovu Ndani ya Sufuria la Rangi

Shangazi Skola,

Mwakeye, nakusalimu kwa salamu yetu ya nyumbani. Najua hukupenda barua inayoanza na machozi, kwa hiyo nimeyamaliza kwanza ndipo nikashika kalamu. Nina habari, na ungekuwa hai ningetoka Buzebazeba mbio hadi kwako bila kukumbuka viatu. Kijani kimepatikana.

Ngoja nikueleze vizuri, maana nikifurahi huwa naruka mambo. Ulitutoka kiangazi kilipoanza, ukaacha blanketi la mjukuu wako limebakiza ukanda mmoja. Uliufuma humo mwaka mzima wa kwetu: hudhurungi ya vumbi la njia ya Mwandiga, kijivu cha dagaa wanaoanikwa Kibirizi, weusi wa vilima vilivyochomwa moto. Juu kabisa uliacha nafasi ya kijani cha mvua za kwanza, kwa sababu Devota wako angejifungua mvua zikianza. Kijani hicho ukaenda nacho. Hukukiandika popote, nami sikuwahi kuuliza, nilidhani muda tunao.

Nilifanya yote kama ulivyokuwa ukifanya. Nilifumua lile sweta jeupe la sufu tulilolipata kwenye mitumba, nikaosha uzi, nikauloweka kwenye maji ya shabu ili rangi ishike, nikachemsha majani ya mwembe. Ikatoka njano. Nikachuma majani ya mti mwingine, njano. Fungu la tatu la uzi, ambalo ndilo lilikuwa la mwisho, likatoka njano ya ndizi mbivu kabisa. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema, "Kijani hiki ni cha mvua za kwanza, mwanangu, ukikiharakisha kinanuna." Basi kilikuwa kimeninunia hasa. Sweta jeupe jingine la sufu sikuliona tena sokoni.

Devota, tumbo limeshashuka, akaniambia, "Dada, weka hata uzi wa dukani, mama hataona." Nilikasirika. Asione vipi, mtu aliyekuwa ananifumulisha kazi nzima kwa sababu ya tundu moja? Lakini moyoni nilianza kuogopa kwamba mtoto atakuja akute blanketi lina pengo, na pengo hilo nimelileta mimi.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, mimi niko sokoni. Nilipofika nyumbani nikakuta mafungu yangu yameanguka kutoka kwenye kamba nilikoyaanika. Moja lilikuwa limelalia jembe bovu linalozuia mlango wa banda la kuku. Jembe lenyewe ni lako, Shangazi, lile lisilo na mpini, ulilokuwa ukilitia kwenye sufuria la rangi kukandamiza uzi usielee. Wiki ya msiba nilisugua vyombo vyako vyote, nikaona aibu wageni wakute jembe lenye kutu ndani ya sufuria. Nikalitoa, nikaweka jiwe la ziwani, la duara, safi, nikajiona nimekuheshimu kweli.

Nikauinua ule uzi. Palipogusa jembe pamegeuka kijani.

Nilikaa pale pale kwenye tope na kitenge changu cha kutokea. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akachungulia kuuliza kama nimepatwa na jambo. Kumbe ni kutu! Miaka yote ile, kutu ya jembe bovu. Na sidhani kama hata wewe ulijua, usinikasirikie. Ulitia jembe lizamishe uzi, basi, halafu sifa zote ukazipa mvua.

Nikabandika sufuria upya, jembe ndani. Uzi ule wa njano niliokuwa nimeshaulilia ukageuka polepole huku nautazama, mpaka ukafikia rangi ya vilima vya nyuma ya Ujiji mvua zikishanyesha wiki moja. Hakikupotea hata kipande. Nilifuma siku mbili kwa sindano zako za spoku za baiskeli, nikaunguza maharage siku zote mbili.

Mtoto ni wa kike, amepewa jina lako. Devota alilinusa blanketi kabla ya kulitazama, akasema, "Linanukia moshi wa jikoni kwa mama." Hapo, nisamehe, yale machozi niliyosema nimeyamaliza yakarudi.

Tangu siku hiyo siwezi kupita kitu bila kukitazama, sasa naelewa kwa nini ulikuwa unachelewa kufika popote. Juzi mwaloni Ujiji, wavuvi wanaposhushia samaki, niliona ziwa lina rangi mbili, matope ya mvua upande huu na bluu upande ule, na kati yao mstari mwembamba ambao sijui hata niuiteje. Wauza samaki walinicheka nilivyosimama. Wacheke tu, mstari ule nitaufuma kabla ya kiangazi.

Kwaheri, Shangazi wangu. Nakuahidi jembe limerudi kwenye sufuria na halitoki tena, hata waje wageni gani. Skola mdogo akiweza kushika sindano nitamfundisha, na hili la kutu nitamwambia mapema, asije akalia kama mimi.

Nilipoanza barua hii nilipania kukubishia, nikuonyeshe kwamba kijani si cha mvua. Sasa nimeisoma upya, nimeona ni mvua hiyo hiyo iliyouangusha uzi wangu juu ya jembe. Umenishinda tena.

Mwanao,
Adela