Kadi Iliyosema "Tayari"

Masaka, Kicukiro
Kigali

Kwa kaka yangu mpendwa Mugenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wote walio hapo Kayanga: Baba, Mama, wifi yangu Kabagwira na watoto. Natumaini kikohozi cha Baba kimepungua, na kwamba mvua hii haikuikuta kahawa ikiwa bado imeanikwa uani. Mimi sijambo kabisa. Nimehamia Masaka, kwenye nyumba ndogo inayotazamana na shamba la viazi vitamu, na kila asubuhi napanda moto, yaani pikipiki ya abiria, kwenda kazini huku nimefumba macho, maana madereva wa huku hawaujui mteremko wa kuuogopa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu hupokei. Sikulaumu. Tangu usikie nimeajiriwa na watu walewale waliokutoa kazini umenyamaza, na Mama aliniambia umesema mdogo wako wa Kigali humtambui tena. Neno hilo liliniuma nikalimeza. Leo nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho, na uisome kwa sauti, Baba na Mama wakiwa wamekaa karibu nawe. Kwa ajili yao nitaeleza hata mambo unayoyajua kuliko mimi. Usiyaruke.

Baba, kampuni hii ina kompyuta kubwa, na kila moja imegawanywa ndani kwa ndani zikawa kompyuta nyingi za kupangisha. Kliniki moja ya hapa mjini imepanga sehemu yake, na inaiona kama kompyuta kamili isiyo na mwenzake. Ndani yake tumeikabidhi kadi maalumu ya kusafisha picha za eksirei. Kadi hiyo ikitaka kuandika picha kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hutaja anwani, ila anwani inayoitaja si mahali penyewe. Lazima itafsiriwe mara mbili. Jedwali la kwanza ni la mpangaji, la pili ni letu sisi wenye nyumba. Ni kama mgeni ashuke stendi ya Nyabugogo aseme anakwenda Gatsata kwa Mama Gaju. Jirani atasema ni ile nyumba yenye geti la bluu nyuma ya kinu, na mwenye moto ndiye atakayejua geti hilo liko barabara namba ngapi. Jirani hahitaji namba, mwenye moto hahitaji kumjua Mama Gaju, na mgeni anafika.

Sasa kadi, ili isiulize kila mara, hukariri majibu. Hapo ndipo penye hatari. Mama Gaju akihama, kadi lazima iambiwe isahau geti lile, na ijibu kwamba imesahau, kabla nyumba haijaingiwa na mtu mwingine. La sivyo mzigo wa Mama Gaju utatupwa mlangoni kwa mtu asiyehusika. Programu inayoiambia kadi isahau ndiyo aliyoiandika mwanao Mugenzi.

Yaliyotokea mnayajua nusu. Picha ya kifua cha mzee mmoja ilitoka na kipande cha picha ya mwanamke kikiwa kimepita katikati. Daktari Gahongayire wa kliniki ile aliona mbavu hazikutani, akaikataa, na kwa neema ya Mungu hakuna aliyetibiwa vibaya. Lakini mkurugenzi wetu, Habiyaremye, alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema tafsiri ya anwani ni kazi ya Mugenzi, kwa hiyo kosa ni la Mugenzi. Kaka, ulisema ulifanya kila kitu sawasawa, ila hukuwa na cha kuwaonyesha. Ukafunga mizigo ukavuka mpaka kurudi Kayanga.

Baada yako kadi ziliondolewa, na baadaye kampuni ikataka kuzirudisha. Kliniki ikasema haikubali mpaka ipewe mwongozo kamili unaoeleza tafsiri hiyo hatua kwa hatua, nani anawajibika na nini. Ikatangazwa nafasi ya mwandishi. Nikaomba, nikapata.

Kiti chako anakikalia Rodney, kijana aliyekulia Kampala, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kujifunza. Mimi niliandika, yeye alisoma na kunisahihisha. Kazi ilikwenda vizuri hadi nilipofika kwenye sentensi hii: "Kadi ikishajibu kwamba imesahau, sehemu ile ya kumbukumbu inaweza kutumika tena papo hapo." Hata kitabu cha waliotengeneza kadi kinasema hivyo. Niliiandika nikaifuta, nikaiandika tena nikaifuta. Nikamuuliza Rodney ni nani aliyewahi kuliona jambo hilo likitendeka. Akasema linajulikana. Nikamwambia siulizi nani anajua, nauliza nani ameona. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akavuta kiti.

Tuliijaza sehemu moja ya kumbukumbu kwa alama zetu, tukaiacha kadi iandike humo, tukaiamuru isahau, tukangoja jibu, halafu tukaiangalia sehemu ile. Ilikuwa safi, kadi haikuongeza kitu baada ya jibu. Tukarudia, safi. Rodney akasema niimalizie tu sentensi yangu. Nikamwomba kwanza aitwike kadi mzigo wa kweli, kama Jumatatu kliniki inapojaa wagonjwa. Akaitwika. Kadi ikajibu "tayari", na baada ya jibu hilo, mbele ya macho yetu, ikaandika palepale ilipodai kupasahau.

Rodney aliruka. "Mana yanjye! Mukunde, hii kadi iko inadanganya! Inasema tayari na bado iko inaandika!"

Tulirudia mpaka chakula chetu cha mchana kikapoa mezani. Kila tulipoilemea kadi ilidanganya. Ndipo tukaifungua programu yako, tukaisoma mstari kwa mstari. Kila amri ya kusahau ilitumwa. Kila jibu lilingojewa. Rodney akasema, "Huyu mutu alifanya yote. Angefanya nini ingine?"

Tukamwita mkurugenzi. Mwanzoni alitaka tuliandike jambo hilo kwa maneno laini, tuseme kwamba katika hali nadra huenda kukatokea hitilafu, mpaka kliniki itie saini. Nilimwambia sitaandika hivyo, na kama atatafuta mwandishi mwingine, basi huyo aonyeshwe kwanza tulichokiona sisi. Rodney alisimama kando yangu. Habiyaremye ni mtu mkali, lakini si mtu mwovu. Akasema tumwonyeshe. Rodney akampisha kwenye kiti ili aiamuru kadi kwa mkono wake mwenyewe. Aliona. Akarudia, akaona tena. Kisha akavua miwani, akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mtu anayejua Mugenzi yuko wapi siku hizi.

Sasa kaka, nikwambie nililokuficha. Sikuingia hapa kwa ajili ya mshahara. Niliacha ualimu wa chuo nilioupenda. Niliingia kwa sababu ya siku ile uliyofika Kayanga na begi moja. Nilikuwapo. Nilikusikia ukimwambia Baba, "Labda nilikosea kweli." Kaka, tangu utoto sijawahi kukusikia ukiitilia shaka hesabu yako mwenyewe. Niliogopa kuliko kama ningesikia umeugua. Nikajua wasingemfungulia dada wa Mugenzi mitambo yao aje kuipekua, lakini mwandishi wa mwongozo hufunguliwa kila mlango na huruhusiwa kuuliza kila swali. Na kwa kuwa sisi ndugu, kwa desturi yetu, hatuna jina moja la ukoo, hakuna aliyejua mimi ni nani. Sikukuambia kwa kuwa ungenikataza. Na ningekuta kosa ni lako, ningekuja kukuambia hilo pia, uso kwa uso.

Basi mkurugenzi alipouliza uko wapi, nilijibu: "Yuko Kayanga, kwa baba yetu."

"Baba yenu?" akasema. "Wewe na nani?"

"Mimi na yeye."

Rodney aliziba mdomo. Habiyaremye alinitazama, nami sikuinamisha macho. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliwakusanya wafanyakazi katika chumba kilekile alichokushtakia, akasema alimhukumu mtu bila kutazama, na kwamba Mugenzi hakukosea. Baba, nakuomba usikie vizuri: mwanao hakukosea. Watengenezaji wa kadi wamekiri na wanaandaa marekebisho. Kwa sasa tumeizuia kadi isikariri kitu. Inakwenda polepole, lakini haiandiki tena mahali pa mtu mwingine. Hayo yote yamo kwenye mwongozo bila maneno laini. Daktari Gahongayire aliusoma, akasema ungeficha kasoro hiyo asingeusaini, na akausaini.

Barua hii anakuletea binamu Uwamahoro, anavuka mpaka wa Rusumo kesho. Jumamosi ya wiki ijayo Habiyaremye anakuja Kayanga. Anataka kuyasema mbele ya Baba yale aliyoyasema hapa. Nimemwambia suala la kurudi kazini asiligusie, hilo ni lako na la Kabagwira. Mimi nitakuwa naye garini. Tukifika nitashuka peke yangu, nije nikutazame kwanza. Ukitikisa kichwa kukataa, tutageuza gari, na hakuna atakayekulaumu.

Wasalimie wote mmoja mmoja, uwabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Mimi mdogo wako,
Mukunde