Dakika Moja ya Kunikumbuka

Mwenzangu, uko? Usinipigie, soma tu.

Nimetoka kwenye ile sherehe ya wahitimu wa mwaka wetu. Mlangoni jina langu halikuonekana, wakanivisha kadi ya MGENI. Nikasema potelea mbali, nikakaa nyuma.

Wakaanza kutaja mafanikio. Huyu mkurugenzi, yule ana shahada ya tatu. Mimi kazi yangu makofi.

Kisha mshereheshaji akasema tusimame dakika moja tuwakumbuke wenzetu waliofariki. Picha ya kwanza kwenye skrini ni mimi.

Mimi. Na ile miwani yangu ya chuoni.

Si unajua nilijitoa kwenye grupu la darasa nilipoachishwa kazi? Kumbe ndipo waliponizika.

Na nilisimama, mwenzangu. Niliinamisha kichwa, nikajiombolezea dakika nzima.

Tulipokaa, aliyekuwa kiti cha mbele yangu akageuka: Kalkuleta, yule bingwa wetu wa hesabu. Kalkuleta yule yule, niliyekaa naye dawati moja miaka mitatu. Machozi yanamlengalenga. Akaniangalia usoni kabisa, akaisoma kadi yangu.

“Yule dada alikuwa na akili sana,” akasema. “Ulimfahamu?”

Nikamwambia, “Kidogo tu.”