Nyumba ya Mikono Miwili

Jumatatu, 3 Machi

Sijaandika tangu mke wangu Nekesa apooze. Naomba radhi kwa kimya hicho, ingawa hakuna asomaye hapa ila mimi.

Asubuhi nimefungua mlango wa nyuma kama kawaida: inua kitasa, sukuma kwa goti, zungusha ufunguo. Redio imezungumza baada ya kupigwa kofi. Chai. Kisha kazi.

Mke wangu yuko Bungoma, kwa binti yetu Naliaka, tangu alipotoka hospitalini. Mkono wa kushoto umelala, na mguu pia. Anataka kurudi hapa Kitale. Naliaka atakuja Jumamosi kuikagua nyumba. Ikifaa, atamleta mama yake. Isipofaa, hatamleta. Kwa hiyo natengeneza.

Jumatano, 5 Machi

Bomba la jikoni lilikuwa likivuja. Funga maji kwanza, fungua kichwa cha bomba, badilisha mpira wa ndani. Sikuwa na mpira. Nimeukata kutoka kwenye ndara kuukuu. Limekoma kudondosha. Bawaba za kabati nimezitia mafuta ya kupikia. Kosa. Huganda na kushika vumbi. Nimeyafuta yote, nikatia mafuta ya cherehani.

Waya wa jokofu ulikuwa umechubuka karibu na plagi. Nimeuchomoa, nikakata kipande kibovu, nikafunga plagi upya. Skrubu moja imepotea chini ya kabati na sikuweza kuinama.

Jioni Nekesa alipiga simu. Niliiweka namba yangu kwenye kitufe cha mbili, naye hukibonyeza na kukishikilia kwa kidole gumba. Maneno yake bado ni mazito. Alisema moja tu: "Nyumbani."

Nikamwambia Jumamosi. Sikupaswa kuahidi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwita Barasa, jirani yangu, fundi wa umeme, aitazame shawa. Ukigusa bomba huku maji moto yakitoka, umeme unakurusha. Sisi tumeizoea. Tunaoga na ndara miguuni, basi. Wageni tunawaambia hivyo hivyo: vaa ndara.

Barasa alicheka hadi akashika ukuta. "Ati ndara? Mwalimu, siku moja hiyo kitu itakuchezesha kamabeka bila ngoma! Mabega yenyewe yatajua wimbo!"

Nilimwambia nikitaka vichekesho nitaisikiliza redio. Akaacha kucheka. Nyumba hii haina waya wa kupeleka umeme ardhini, akasema. Haikuwahi kuwa nao. Zivutwe nyaya zote upya, kuta zipasuliwe. Si kazi ya siku moja.

Nimemwacha aende. Nimenunua ndara mpya kwa ajili ya Nekesa. Za bluu.

Jumamosi, 8 Machi

Naliaka amekuja na ameondoka.

Hakuketi. Aliuingiza mkono wa kushoto katika mfuko wa sweta na kuuacha humo. Nilidhani anasikia baridi.

Akaanza na mlango wa nyuma. Kitasa mkono mmoja, ufunguo mkono wa pili. Haukufunguka. Jiko la gesi: swichi hushikiliwa ikiwa imebonyezwa huku mkono mwingine ukipeleka kiberiti. Njiti tatu zikazima. Choo: nyanyua mfuniko wa tangi, vuta uzi niliofunga. Mfuniko ulimponyoka, ukavunjika. Nilikuwa nyuma yake nikimweleza kila hila. Inua kidogo. Bana hapa. Kila hila ilihitaji mkono wa pili.

Mlangoni mwa bafu nilimwonyesha zile ndara.

"Baba, Mama hawezi kuvaa ndara."

Nikasema atajifunza.

"Mguu hausikii kitu, Baba. Ndara ikichomoka hatajua. Atajua stima ikimshika."

Nikasema tutamwogesha kwa beseni, mimi mwenyewe nitabeba maji. Akaniuliza ni nani atakayeniokotea skrubu iliyo chini ya kabati. Alikuwa ameiona.

Kisha akasema jambo ambalo bado linaniumiza. "Baba, wewe kitu kikikuuma na ukakizoea, unasema umekitengeneza."

Hakusema kwa hasira. Aliutoa mkono mfukoni, akafagia vipande vya mfuniko, akaenda zake kabla ya mvua.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda Bungoma. Nekesa ameketi karibu na dirisha. Amekonda. Aliutazama mfuko niliobeba, akidhani nimekuja kumchukua. Ndani mlikuwa na ndizi.

Simiyu, mume wa Naliaka, analala katika chumba cha nje tangu mama mkwe wake aingie nyumbani. Ni heshima, wala hakuna aliyemwomba. Sasa anapendekeza chumba hicho kiwe chetu, mimi na Nekesa, naye arudi ndani kwake. Amekwisha kukiwekea vishikio ukutani na bomba linalofunguliwa kwa kiwiko. Kazi safi. Nimeitafutia kosa nikakosa.

Lakini kwetu mzee halali katika boma la mkwewe. Baba yangu hata maji hakunywa kwa wakwe zake. Nimerudi Kitale siku hiyo hiyo, kama ninavyorudi kila mara.

Jumapili, 16 Machi

Mvua ya kwanza. Majirani wanapanda mahindi. Nimekata umeme wa shawa kwenye swichi kubwa. Nilipaswa kuukata zamani.

Mchana niliuingiza mkono wa kushoto katika mfuko wa koti, nikaenda kwenye mlango wa nyuma. Nilijaribu kwa goti, kwa bega, kwa kidevu. Ni nyumba yangu, na sikuweza kutoka. Nikaketi sakafuni mpaka mvua ikaisha.

Nekesa alipiga. Nilisikia pumzi yake, kisha neno moja, la kuuliza: "Jumamosi?"

Nikasema bado.

Ndara za bluu ziko mlangoni, karatasi yake haijatolewa. Sina la kutengeneza tena humu. Nikiisha kuamua nitaandika hapa, kwa sentensi moja, niende Bungoma au nibaki.