Nimemkatisha mzee mchungwa wake

Shoga, leo nimejiaibisha mpaka basi.

Nimempigia yule mzee wa machungwa aliyetuletea majani tuyapime hapa maabara, sauti nzito kama daktari bingwa: "Mzee, maabara imeona ile aina kali ya virusi, inayoua michungwa. Kata miti yote." Miti mia mbili!

Natazama matokeo tena. Kumbe nimesoma mstari wa virusi tunavyovihifadhi sisi wenyewe hapa maabara kwa kulinganisha! Vyake ni aina hafifu, haiui mti. Kusoma sijui, hata picha sioni!

Nikarudi mbio kwenye simu. "Mzee, weka shoka chini!"

"Nimeshaangusha mmoja."

MMOJA, shoga. Nikakiri kila kitu huku nalia.

Akanijibu: "Mwanangu, kesho njoo unipandie mchungwa mwingine. Na kumwagilia ni wewe."

Nimeitikia, "Ndiyo, baba." Jembe linashikwaje?